Mume wa Nabintu

Nyumba zilipoungua Kadutu, meya alitupa pole redioni.
Mkewe alikuja na sindano.

Alikalia bidoni letu, kitenge amekikaza magotini,
akaunga vipande vya blanketi hadi koroboi ikakohoa.
Hakuhutubia.
Aliuliza tu: na huyu mdogo, jina lake?
Akaandika kwenye daftari la mirabamiraba.

Mwaka uliofuata gari la serikali likarudishwa,
askari wa getini akahamia geti jingine.
Tukasema, basi, huyo ndiyo kwaheri.

Jumanne, mvua haijakauka,
akaja akipanda ngazi za matope,
daftari kwapani, viatu mkononi.
Nyuma yake mwanaume anahema, kabeba uzi na mkasi.

"Nani yule?" mwanangu akauliza.

"Yule? Mume wa Nabintu."