Tezi ya Nshokano

Tangu asubuhi nimelala chini ya tumbo lake,
utepe mkononi, penseli sikioni,
huku Muhumba, nyuma ya ukuta wa matofali
ambako klabu ya mashua siku hizi inauza maharagwe kwa jumla.
Natafuta mchoro.
Babu alianza na karatasi, akaishia na mashua.
Mimi naanza na mashua, narudi kinyumenyume,
kama mtu anayefumua fulana
ili aijue mikono iliyoifuma.

Mwaka wa hamsini na nane
Verhulst, mhandisi wa barabara, alitaka mambo mawili yasiyopatana:
vitanda vinne, jiko, kabati la vyombo,
na Jumapili awaache wote nyuma mpaka Idjwi na kurudi.
Nyumba iwe mshale.
Alichora miezi saba, akafuta zaidi ya alivyochora.
Kanuni za mashindano zilimpima kiuno, uzito, kimo cha tanga;
mkewe akapanda juu ya meza ya ofisi, akajinyoosha,
akasema: fupi. Ongeza.

Mistari ikahamishiwa sakafuni, kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi,
ndani ya ghala la magome ya kwinini.
Nshokano alitembea juu yake peku.
Kifaransa chake kilikuwa cha sokoni,
lakini mstari uliopinda vibaya aliusikia kwa unyayo.
Mvule ulitoka Shabunda kwa lori lisilo na breki,
msipresi wa mlingoti ukashuka Kabare mabegani mwa watu kumi na wanne.
Mbavu sita za mbele zikasimama.
Ya saba ilikuwa bado.

Halafu sitini.
Verhulst akavuka daraja la Ruzizi usiku
na karatasi ya pili ndani ya sanduku,
kwa kusahau au kwa wivu, hakuna ajuaye.
Mashua ikabaki na uso bila mgongo.
Watu wa Kadutu wakaja kuuliza bei ya kuni.

Babu hakujibu. Kila alfajiri, kwa wiki tatu,
alikaa Nguba, ukingoni, akitazama bata.
Bibi alidhani amerogwa.
«Maji hayakuulizi ulivyoingia,» alimwambia,
«yanakuuliza unavyotoka.»
Akarudi ghalani, akachonga mbavu tano kwa jicho,
akafunga tezi lile jembamba, lililoinuka kidogo,
ambalo vijana waliliita kwa jina nisiloweza kuliandika hapa.

Risasi ya mkuku aliinunua misheni:
herufi za uchapaji zilizochakaa, magunia kwa magunia.
Aliziyeyusha usiku kucha kwenye pipa.
Katekisimu, matangazo ya ndoa, hesabu za darasa la tatu,
na a nyingi kuliko zote, maana lugha yetu inakula a,
zote zimelala huko chini, hazisomeki,
zinaizuia isipinduke.

Ikaitwa Kwinini.
Katika shindano lake la kwanza, mashua tano,
ilishika nafasi ya tatu.
Ingeshinda, anasema mjomba Cirhuza hadi leo,
kama Bibi angekubali kutupa gunia la makaa.
Hakukubali. Walikula viazi vya moto
wakati mshindi akitetemeka kwa mvua.

Sasa utepe wangu umefika ubavu wa saba
na penseli inaruka. Upana wa kidole gumba.
Hapa karatasi iliisha, hapa jicho lilianza.
Napitisha kiganja: mbao haisemi kitu,
ila namba zinasema.
Kijana wa kompyuta anataka niulainishe,
mashine yake haipendi nundu.
Nimemwambia auache.

Vumbi la makaa bado limo chini ya kitanda cha kushoto.
Nimelipuliza kutoka kwenye karatasi, likarudi.
Pale kwenye kona, pa jina la mchoraji,
karatasi ya kwanza nimeandika Verhulst,
ya pili, Nshokano,
kisha, baada ya kuangalia kama kuna anayeniona,
kwa herufi ndogo: na bata.