Mfuko wa Ndani

Kibanda changu kimeegemea ukuta wa laini za polisi, Makupa.
Miaka kumi na tisa nashona suruali za serikali.
Makamanda siwajui. Najua viuno.
Tarehe nasoma kwenye mshipi:
tarehe tano, tundu la tatu;
tarehe ishirini, tundu lililotobolewa kwa msumari.

Siku ya bajeti redio ilitaja mabilioni,
ya mishahara, ya kuajiri, ya mafunzo.
Nikipotea kwenye sufuri, sindano ikanidunga kidole.
Koplo Mwadime alikuwa mlangoni, kajifunga kikoi,
anangojea kiraka cha makalioni.
"Hela hizo, Mama Rukia,
zikishuka ngazi hupumzika kila kidato."
Chumba chake ni nusu chumba.
Nusu ya pili ana mwenzake, mke na watoto watatu,
na mpaka wao ni shuka la maua.
Mtoto wa huku akipiga chafya, kule huitikia.

Mwaka juzi waliandikisha vijana uwanjani Tononoka.
Walikimbizwa miguu mitupu,
wakakaguliwa meno kama mbuzi wa Idi.
Bwanaheri wa jirani alipungua kidogo kwenye kipimo.
Mamake akauza kabati la vyombo,
kimo kikatosha.

Akarudi kutoka chuoni na mabega mapana,
saluti anampigia hata paka.
Wamemfunza kulenga, kusimama, kutii.
Wiki ya pili akaniletea suruali, bado yanuka ghala.
"Nitilie mfuko," akanong'ona. "Wa ndani. Usionekane."
Sikuuliza wa nini. Niliuliza ukubwa.
Akanionyesha kwa vidole:
noti moja, kunjo nne.
Nikaliona lile kabati likirudi nyumbani,
noti kwa noti,
mlango mmoja kwanza.

Leo nyongeza imeingia.
Mwadime kaja na karatasi ya mshahara,
makato yamejipanga kama foleni ya Likoni,
lakini chini kabisa kuna kitu, kipo,
amekipigia mstari kwa kalamu nyekundu.
Ameigeuza suruali ndani nje juu ya meza yangu.

"Niuzibe?" Mkasi nilikuwa nao mkononi.

Ameutazama ule mfuko kitambo,
kama mtu anayeagana na mpangaji
aliyekuwa akilipa vizuri.
"Usiuzibe, mama. Upunguze."

Nimepunguza. Nusu inchi.
Uzi sijaukata.