Waridi Lisilochanua

Hapa Kebili, kusini mwa Tunisia,
maji hupanda kutoka chini yakiwa ya moto,
yanapozwa mnarani, ndipo yanaingia kwetu
na chumvi yake na jasi tele.

Kaka yangu Lazhar anauza jasi hiyohiyo barabarani:
mawaridi ya jangwa, petali za mawe,
dogo dinari tano, kubwa mtapatana.
Mimi, Mongia, nalipwa mshahara
ili waridi hata moja lisichanue.

Utando wenyewe ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
umeviringwa ndani ya bomba kama mkeka.
Maji matamu yanapenya; yanayobaki yanazidi kukolea,
na kufika kipande cha sita, cha mwisho,
chumvi zinaanza kutafutana kama ndugu matangani.
Zikishikana tu, basi. Ukoko.
Ukoko wa sufuria utaukwangua kwa kijiko, ule.
Huu unakula wewe.

Ndiyo maana ya dawa, gramu tatu kwa tani ya maji.
Haiyeyushi jiwe. Inalikuta lingali chembe,
inalishika mkono, inalipotosha njia,
mpaka linatoka na maji taka
bila kujua kwamba lingekuwa jiwe.

Jana Si Bechir, mkurugenzi, kapiga simu:
visima vinashuka, tende zina kiu,
toa themanini kwa mia.
Nikasema sabini na mbili. Akasema themanini.
Nikamwambia, ukikamua mno chuchu hutoa damu.
Akakata.

Saa tisa usiku nikagutushwa usingizini
na kitu kisichokuwepo.
Pampu kubwa inanguruma, taa zote kijani,
ila ile tik ya pampu ndogo ya dawa,
tik ambayo sijawahi kuisikiliza,
imekoma.
Kiputo cha hewa mrijani. Kiputo tu!
Nikazima. Nikazisuuza tando kwa maji matamu,
lita elfu nne tulizokwisha kuziuza,
zote zikaishia kwenye ziwa la chumvi.
Nikalegeza vali, nikafinya mrija, nikangoja
tik.

Tik.

Asubuhi Lazhar kapita na waridi lililovunjika,
haliuziki, akaniachia.
Nimeliweka juu ya daftari la shinikizo,
kwenye ukurasa wa leo, nilipoandika tena: sabini na mbili.
Si Bechir akija nitamwambia alinyanyue mwenyewe.
Polepole. Lina makali.