Asubuhi ya Nani

Kwenye cheti aliandika: kimoja asubuhi, kimoja jioni.
Hakuinua uso.
"Umeelewa?" Ndiyo.
"Unakunywa?" Ndiyo, daktari.
Ndiyo yangu ilikuwa nyepesi kama gamba la samaki,
niliitoa kama nauli, nishuke, niende zangu.

Miezi saba nilimlipa ndiyo.
Vidonge nikavilaza kwenye kopo la kahawa
juu ya kabati, nyuma ya Biblia ya marehemu.
Presha ikapanda bila kubisha hodi,
mia na tisini kwa mia na kumi,
naye akaandika kwa herufi kubwa: MGONJWA MKAIDI.
Kadi ilikuwa imemwelekea yeye, lakini niliisoma,
darasa la saba nililimaliza.
Mkaidi ni mbuzi anayevutwa kamba akagoma.
Mimi kamba yenyewe sikuiona.

Naanika dagaa mwaloni Igombe.
Mwezi ukifa, ndipo siku zangu huanza:
saa tisa usiku niko majini hadi magotini, beseni kichwani,
mitumbwi inaingia na taa zake za sola,
tunagombea bei gizani, tunakanyagana vidole.
Jua likitoka limenikuta nimeinama mchangani,
nageuza, natawanya, nafukuza kunguru na yangeyange,
mpaka jua lenyewe lichoke.
Mwezi ukijaa wavuvi hulala, nami nalala kama watu.
Sasa niambieni, hapo asubuhi iko wapi?

Na kile cheupe, kidogo, kile cha mkojo!
Ukikimeza, muda si mrefu mwili unageuka mfereji.
Mwaloni choo ni kimoja, cha kulipia,
mlangoni wamejipanga wabeba mizigo,
na ukiwapa dagaa kisogo
kunguru hawakungoji, wala wingu la Rubondo.
Hilo ningemwambia nani?
Kalamu?

Akaja Mhoja Lushinge,
kijana, koti limebakiwa na kifungo kimoja.
Alitoa kiti nyuma ya meza, akakileta ubavuni mwangu.
"Mwangaluka, mayu."
Nikacheka. "Mwanangu, unamsalimu salamu ya kuamka
mtu ambaye hajalala?"
Akaweka kalamu chini. Niliisikia ikigonga meza.
"Hujalala tangu lini?"

Nikasema. Nikasema mpaka chai yake ikaota utando.
La choo nalo nikalisema,
mimi, mwenye wakwe wanne!

Ijumaa iliyofuata nikampelekea kopo,
shingo nimeiandaa kwa panga la maneno.
Alivimwaga juu ya gazeti, akavihesabu viwili viwili.
"Mia tatu na kumi na mbili," akasema.
"Umevitunza, mayu. Hata kimoja hakijashika unyevu."
Tukacheka, wote wawili, muuguzi akachungulia.

Kwenye kadi akakata neno asubuhi.
Akaandika: ukishaanua dagaa.
Chini yake: mwezi ukijaa, ukiamka.
Dawa ile ile, rangi ile ile, uchungu ule ule,
koo langu ndilo lililofunguka.
Na nisiseme uongo, sikuwa nameza kwa kuogopa kaburi.
Nilimeza kwa sababu Ijumaa kuna mtu angeniuliza,
na nilitaka safari hii ndiyo yangu
iwe na uzito mkononi mwake.

Mwezi wa sita wakamhamisha.
Wengine wanasema Ukerewe, wengine Sengerema.
Huyu mpya ana kompyuta, macho yake yamo humo.
"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Umeelewa, mama?"
Ndiyo ikaja yenyewe hadi ulimini,
nyepesi, njia imeizoea.
Nikaitafuna. Nikaimeza, chungu kuliko kidonge.
Nikavuta kiti changu kumsogelea,
miguu yake ikapiga yowe sakafuni
mpaka akageuka.

"Asubuhi ya nani, daktari?"