Athari

Mimi ndiye niliyeshika daftari lake
miaka ishirini na miwili, kiti kile kile cha chuma,
duka la pampu, Ibra, mkabala na kituo cha petroli.
Kwa hiyo msinisimulie Shamis bin Hamdun.
Mimi namjua kwa tarakimu.

Alirudi kutoka Wete na masanduku mawili,
Kiarabu chake kikinuka karafuu.
Watoto wakamwita Zinjibari; akacheka,
akawauzia baba zao mipira ya maji kwa mkopo.
Pampu ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, rangi ya chungwa.
Alilala nayo chumba kimoja wiki nzima,
akiifungua, akiifunga,
mpaka akaijua kama mtu ajuavyo jino lake bovu.

Riziki ikamfungukia.
Kila shamba likachimbwa kisima, kila kisima kikadai pampu,
usiku mji ukanguruma chini ya mitende
nami naandika: Bwana Ghasib, nguvu farasi tano,
nusu leo, nusu tende zikivunwa.
Mjane wa Muhanna: asidaiwe.
Hilo nalo liandikwe. Hakuwa bahili.
Ila daftari halikuwa na safu
ya kuulizia maji yanatoka wapi.

Falaji ilipoanza kupungua, tulisema mvua.
Ilipofika vifundoni, tulisema mvua.
Ulipobaki unyevu na vyura wawili
watu wakasema: tunahitaji mtu Maskati.
Nani anayajua maji kumshinda yeye?

Picha yake ikapigiliwa njia ya Soko la Jumatano:
kilemba cha zambarau, tabasamu la mtu aliyebanwa na kiatu.
Halua ilikwenda masinia thelathini na nane. Stakabadhi ninazo.
Nikamwambia kwa Kiswahili, wateja wasisikie,
"Kura si pampu, Sheikh, haina dhamana ya mwaka mmoja."
"Rayya," akasema, "wewe andika tu."
Nikaandika: kura mia mbili na tatu juu ya mwenzake.

Siku ya kumhoji waziri
aliniagiza nibebe madaftari yote kumi na moja,
kila pampu na jina lake, kila jina na kina cha kisima.
Nikayalaza kwenye pikapu kama wagonjwa.
Maskati alishuka, akatengeneza kilemba kwenye kioo cha gari,
akayatazama madaftari,
akafunga mlango.

Nilimwona kwenye televisheni ya mkahawa.
Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka.
"Visima vimechimbwa," alisema,
kwa Kiarabu kilichokwisha kuoshwa karafuu.
Vimechimbwa. Sarufi ina huruma,
haikumlazimisha kutaja na nani.
Waziri akajibu kwamba suala linashughulikiwa.
Mkahawa mzima ukapiga makofi.
Mimi chai ilinipalia.

Njiani hakunena mpaka tukaipita Bidbid.
Kisha: "Umeyafunika? Vumbi."

Awamu ya pili hawakumpa.
Sasa kila Ijumaa baada ya sala
wakili wa falaji huketi kunadi maji, kwa mazoea tu,
mfereji mkavu, mijusi inaota jua ndani yake.
Nusu saa ya maji hapa huitwa athari,
na mimi niliyelelewa kwa lugha nyingine
siwezi kulisikia neno hilo kwa maana moja.
Mnunuzi ni mmoja. Hujipandishia bei mwenyewe,
riyali mbili, tatu, tatu na nusu,
mpaka wakili aone haya na kugonga fimbo.

Jumamosi huja dukani na kikaratasi,
hukisukuma juu ya meza, hanitazami.
Safu ya kitu kama hicho sikuwa nayo.
Nimechora mpya, kwa rula:

Athari moja. Imelipwa.
Haijapokelewa.