Maranda

Nyuma ya kiwanda cha mbao, pale Mafinga,
maranda yalikuwa kilima.
Fundi Reto, Mswisi wa misumeno,
akachimbia nguzo mbili za mlingoti,
akalaza bomba la maji katikati.
"Kwetu tuliangukia majani ya ng'ombe," akasema.
"Ninyi mtaangukia mti."

Tukaanguka.
Mimi, Chengula, na Twilumba wa mama ntilie,
kwa mgongo, kwa tumbo, kwa jina la baba,
tukarudi nyumbani tunanuka msonobari,
maranda masikioni, maranda kwenye ugali.
Chaki za shule tulizisaga kwa chupa,
viganja vikawa vyeupe kama vya wapiga lipu.
Maneno yake yalikuwa matatu:
Kaza. Subiri. Achia.
La tatu ndilo lililotushinda.
Nani amefundishwa kuachia
mahali ambapo ukiachia kitu,
kesho kina mwenyewe?

Kombe hakuwa nalo. Alikuwa na medali,
ya shaba au ya dhahabu, grisi ilishaamua,
ameifunga kwenye uzi wa timazi.
Ukuta wa zahanati, wima ule,
ulinyooshwa na ubingwa wa mbali.
Chengula akauliza. Akajibu huku anaranda ubao:
"Mara nne bingwa wa kwetu. Ya tano, bega likasema lake."
Akaendelea kuranda.
Miaka kumi na tisa ya mtu
ikapita hapo, kati ya randa na chai.

Halafu asubuhi moja ya Juni,
ukungu umekaa mpaka kwenye kofia zetu,
bomba lina baridi ya kung'ata,
akavua koti la kazi. Akavua miwani, akampa Twilumba.
Miaka sitini na miwili.
Akaning'inia kwanza kama nguo iliyosahauliwa kambani,
tukaona haya badala yake.
Kisha mwili ule ukakumbuka.
Duara la kwanza, nguzo zikalia.
La pili, msumeno ukazimwa ndani, watu wakatoka.
La tatu sikuliona lote;
niliona soksi zake juu ya paa la kiwanda,
akaachia.

Akatua. Hatua moja ikamponyoka, ya kushoto.
Akaitazama muda mrefu
kama mtu aliyeangusha sarafu.
"Hiyo wangenikata," akasema,
akaomba miwani.

Kilima kimeisha, wachoma matofali wamekibeba.
Bomba linapeleka maji kwa akina Kihwele.
Mimi naezeka mapaa ya watu,
na jioni nikishuka ngazi, kipago cha mwisho,
naachia kabla ya kufika,
naangalia chini
kama mguu umesogea.