Kutu ya Mwaka Ule

Siku ya nne, na pini haijasogea hata unywele.
Nimeibana bastola ya baba kwenye jiliwa
kwa vipande viwili vya ngozi ya kiatu kuukuu,
nisiikwaruze. Vyumba sita nimevichungulia
kimoja kimoja kwa tochi: vitupu.
Nikavichungulia tena. Baba alinifunza hivyo,
kwamba silaha tupu ndiyo iuayo.

Ni ya zamani, hii. Haijipandishi yenyewe.
Kwanza gumba livute nyundo nyuma,
silinda igeuke chumba kimoja, ka,
ndipo kidole cha shahada kiruhusiwe kusema.
Sasa nyundo haipandi, silinda haigeuki,
na pini inayoishika silinda kifuani
imeganda kama shahidi aliyehongwa.

Mimi fundi wa viyoyozi, Maskati wananijua.
Nati zilizolala na chumvi ya Matrah miaka ishirini
hunifungukia kabla ya chai.
Hii nimeinywesha mafuta ya kupenya, nikaiacha ilale.
Mafuta ya taa. Mafuta ya breki, Mungu anisamehe.
Nimegonga kwa kijiti cha shaba, taratibu,
ta, ta, ta, kama mtu apigaye hodi kwa wakwe.
Kimya.

Nje, jua la Ibra limekalia ukuta wa udongo,
mtoto wa jirani anamgombeza mbuzi kwa Kiarabu.
Mama kakaa kizingitini anachambua tende,
hasemi. Siku nne hasemi,
yeye ambaye hunisema
hata ninavyofunga kamba za viatu.

Nikawasha moto mdogo wa gesi, nikipashe chuma.
Ndipo ikaja harufu.
Si ya mafuta. Si ya kutu.
Hiliki. Zafarani. Sukari inayoungua.
Nikazima. Nikanusa. Nikamtazama.

"Mafuta hayayeyushi sukari," akasema,
akajiinua kwa goti moja, akaenda jikoni,
akarudi na birika linalofoka mvuke.
"Mwaga hapo. Polepole. Ni mimi niliyeitia."

Mwaka wa tatu, anasema, tangu turudi kutoka Usumbura,
wewe uko tumboni,
ami yako Muhenna akajigeuzia maji ya falaji
usiku wa zamu yetu. Mindimu ikakauka.
Baba yako hakula siku mbili. Akaishusha hii ukutani,
akaipangusa, risasi akazitia mfuko wa kanzu,
akaiweka juu ya meza, akaenda kuswali Alfajiri.
Na mimi nina sufuria ya halwa motoni,
bado haijatiwa wanga.
Sijui kuifungua bastola. Sijui kuificha,
angeitafuta. Najua shira.

Akarudi, akavuta. Gumba likakataa.
Akavuta tena, hapo hapo chini ya dirisha.
Akakaa. Akaomba kahawa. Dele zima akalimaliza.
Ami yako, sukari ndiyo iliyomwokoa,
na sukari ndiyo iliyomuua, kitandani kwake,
miaka arubaini baadaye,
mguu mmoja umeshakatwa.

Maji yanachuruzika kahawia, kisha manjano.
Nikagonga mara moja.
Pini ikatoka kama ulimi wa mtoto,
silinda ikaniangukia kiganjani, nzito, ya moto.

"Baba alijua?"

Anachambua tende. Anatoa kokwa, anaiangalia.
"Alilamba kidole," akasema. "Akaniambia,
Shinuna, kutu ya nchi hii tamu."

Naikausha haraka, maji na chuma si marafiki.
Naipaka mafuta, naifunga.
Ka, ka, ka, inageuka vizuri mno.
Mama anaisikiliza muda,
kisha ananiuliza
sukari imebaki kiasi gani kabatini.